London Heathrow hadi New York JFK: umbali ni uleule, mbona kwenda masaa 8 na kurudi masaa 7?

#1 Mtafuta Njia
Salaam wakuu. Napanga safari ya London Heathrow kwenda New York JFK na kurudi, na namba zimenigomea. Ratiba ya kwenda inasema kama masaa 8, siku nyingine na dakika kadhaa juu yake. Ya kurudi inasema masaa 7, na kuna siku inashuka chini ya hapo. Viwanja ni vilevile, aina ya ndege ni ileile, bahari haijahama.

Umbali nao ni kizungumkuti. Tovuti ya kwanza imenipa kilomita 5,540, ya pili 5,555, ya tatu 5,570. Nyingine imeandika 3,451 na nyingine 2,999. Nauliza mawili: umbali wa kweli ni upi, na hiyo saa moja inapotelea wapi?

#2 Kipanga
Hili jepesi, mkuu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ndege ikienda mashariki inabebwa na mzunguko, ikienda magharibi inashindana nao. Basi.

#3 Bi Ramani
Kipanga, hebu fuata hoja yako mpaka mwisho. Kama ndege ikiwa angani inaachana na ardhi, basi New York yenyewe ndiyo ingekuwa inakuja mashariki kumlaki anayetoka London. Kwenda magharibi kungekuwa kwepesi kuliko kurudi, na ratiba za mtoa mada zinasema kinyume chake. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Mtafuta Njia, namba mbili za mwisho zisikusumbue, ni vipimo tofauti tu. 3,451 ni maili za nchi kavu, 2,999 ni maili za baharini, ambazo marubani ndizo wanazotumia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha 2,999 utapata karibu ile 5,555. Zile tofauti za 5,540 na 5,570 nitazirudia nikipata nafasi, zina habari yake.

#4 Mzee wa Mbisho
Jibu la saa moja ni upepo. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege za abiria hupita, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi hukaza zaidi na inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ukitoka New York upepo uko mgongoni. Ukitoka London unakwenda mbisho, yaani upepo unakupiga usoni, njia nzima.

Ndege ni kama mtumbwi mtoni: mpiga kasia anapiga vilevile, lakini anayeteremka na maji anafika mapema.

Mikondo hii iligunduliwa na marubani wa mabomu wa Marekani walipokuwa wakiruka juu ya Japani mwaka 1944.

#5 Nusu Kozi
Mzee, hapo mwisho parekebishwe. Marubani wale waliikuta mwaka 1944 na ikawasumbua sana, lakini Mjapani Wasaburo Ooishi alikuwa ameshaipima kwa maputo tangu miaka ya 1920 karibu na Tsukuba. Ripoti yake ya 1926 aliiandika kwa Kiesperanto akitaka dunia nzima iisome, na matokeo yake karibu hakuna aliyeisoma.

#6 Kipanga
Haya, sawa, upepo. Nani anausukuma uvume upande mmoja miaka yote? Si ule mzunguko wa dunia niliousema? Mmenipinga kisha mmerudi kwangu kwa mlango wa nyuma.

#7 Nusu Kozi
Kipanga, kuna kipimo rahisi cha hoja yako. Ikweta ndipo dunia inapokwenda kasi kuliko popote: kilomita 40,075 kwa masaa 24, yaani karibu 1,670 kwa saa. Kwenye latitudo 60 kasi hiyo ni nusu. Kama mzunguko wenyewe ndio unaobeba ndege, tofauti ya kwenda na kurudi ingekuwa kubwa kabisa ikweta. Kwa kawaida huko ndiko tofauti inakuwa ndogo, kwa sababu ile mikondo mikali haiko juu ya ikweta.

#8 Mzee wa Mbisho
Nampa Kipanga haki yake, ingawa si yote. Chanzo cha mkondo ni tofauti ya joto: hewa ya upande wa ikweta ina joto, ya upande wa ncha ina baridi, na hewa ya juu hutaka kuhama kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi. Mzunguko wa dunia ndio unaoipindisha ikaelekea mashariki. Bila mzunguko usingekuwapo mkondo wa namna hii. Bila tofauti ya joto pia usingekuwapo, hata dunia ingezunguka vipi. Kwa hiyo mzunguko unafanya kazi yake kupitia upepo, hauigusi ndege moja kwa moja.

#9 Kipanga
"Kupitia upepo" bado ni mzunguko. Nimesimama palepale.

#10 Mtafuta Njia
Ahsanteni. Bi Ramani, nasubiri ile habari ya 5,540 na 5,570.

#11 Bi Ramani
Nipo.

Njia fupi kabisa kati ya pointi mbili juu ya tufe ni sehemu ya duara kuu, yaani duara linalopita juu ya uso wa dunia na kitovu chake kikiwa kitovu cha dunia. Tovuti nyingi hukokotoa kwa kuchukulia dunia ni mviringo kamili wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Fanya hesabu hiyo kwa Heathrow na JFK, utapata 5,540.

Lakini dunia imebonyea kidogo kwenye ncha. Kutoka katikati hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Ukilitia hilo kwenye hesabu, inatoka 5,555. Hiyo ndiyo sahihi zaidi kwa viwanja viwili hivi. Na ile 5,570 wamepima mji kwa mji, katikati ya London hadi katikati ya New York. Heathrow iko magharibi ya mji wake na JFK iko mashariki ya mji wake, kwa hiyo viwanja vimekaribiana kuliko miji. Mtu akisema "umbali wa London na New York" muulize kwanza anapima kutoka wapi.

Nashangaa tovuti za tiketi zinavyoweka namba hizi bila kusema zimetumia hesabu gani. Ni neno moja tu la kuongeza, na msomaji angeepuka kuchanganyikiwa.

#12 Kozi Ndefu
Mmesahau kimo. Ndege iko kilomita 11 juu, duara la juu ni kubwa kuliko la chini. Hapo ndipo umbali unapoongezeka sana.

#13 Bi Ramani
Unaongezeka, ila si sana. Gawa 11 kwa 6,371, ni chini ya asilimia 0.2. Kwa safari hii haifiki kilomita 10. Ndege inazimaliza kwa chini ya dakika moja.

#14 Abiria Sugu
Mnahangaika na upepo na kubonyea kwa dunia. Mimi nasema ratiba zimejazwa. Ndege ikikaa angani masaa 6, kampuni inaandika 7 ili ikichelewa nusu saa ionekane imewahi. Angalia mara ngapi rubani anatangaza "tumefika mapema" halafu mnakaa mnasubiri geti liwe wazi.

#15 Dawati la Safari
Kazi yangu ni kupanga njia za ndege, kwa hiyo nichangie hapa.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuwa angani. Unaanza ndege inapoondolewa vizuizi vya magurudumu getini na kuishia inapowekewa vizuizi vingine kule ifikako. Ndani yake mna kusukumwa kinyumenyume, kuwasha injini, kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanga foleni, kupaa, safari yenyewe, kushuka, kutambaa tena. Pale JFK foleni ya jioni ya kuruka inaweza kula nusu saa au zaidi bila mtu yeyote kufanya kosa.

Heathrow nayo ina maeneo manne ya kuzungukia angani ndege zinaposubiri zamu ya kutua: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Ukiwa abiria ukaona jua linahama kutoka dirisha la kushoto kwenda la kulia na kurudi, uko humo. Aidha, kutua usiku pale kuna vikwazo vya kelele, kwa hiyo hata upepo ukikubeba vizuri kutoka New York, kufika alfajiri mapema mno si faida kila siku.

Abiria Sugu hajakosea kabisa. Akiba ipo kwenye ratiba. Marekani ndege inahesabiwa imewahi ikiingia getini kabla dakika 15 hazijapita baada ya muda ulioandikwa, na kampuni hupanga zikijua hivyo. Lakini akiba hiyo inatoka kwenye kumbukumbu za safari zilizopita. Huchukui wastani tu, maana ukichukua wastani nusu ya ndege zako zitachelewa.

#16 Abiria Sugu
Ahsante Dawati, umethibitisha nilichosema.

Na upande wa pili upo pia, wa ratiba iliyobanwa. Niliwahi kuuziwa tiketi ya kuunganisha ndege, nafasi kati ya ya kwanza na ya pili ikiwa ndogo kiasi kwamba ucheleweshaji wa kawaida tu ulinilaza kwenye kiti cha uwanja. Kampuni ilijaza muda ilipowafaa wao na ikaubana iliponihusu mimi. Ndiyo maana siamini masaa yaliyoandikwa kwenye tiketi.

#17 Mtoto wa Hesabu
Tuweke namba mezani. Chukua kilomita 5,555 na kasi ya hewani ya kilomita 900 kwa saa. Ili kwenda na kurudi vitofautiane kwa saa moja, unahitaji upepo wa wastani wa kilomita 72 kwa saa tu njia nzima. Kwenda inatoka masaa 6 na dakika 43, kurudi masaa 5 na dakika 43. Wala si upepo wa kutisha.

Sasa toa kwenye ratiba. Masaa 8 kutoa 6:43 inabaki saa 1 na dakika 17. Masaa 7 kutoa 5:43 inabaki saa 1 na dakika 17 vilevile. Kwa hiyo tofauti ya kwenda na kurudi upepo peke yake unaweza kuibeba. Kilichobaki kipo pande zote mbili kwa usawa, na humo ndimo mna kutambaa, kupaa, kupinda njia, kuzunguka Heathrow, na akiba ya Abiria Sugu. Nani anachukua kiasi gani, namba hizi hazisemi.

#18 Abiria Sugu
Nachukua dakika 40 kati ya hizo 77. Anayebisha alete hesabu.

#19 Dawati la Safari
Dakika 40 ni nyingi mno. Kutambaa pande zote mbili tu kunaweza kumaliza nusu saa siku ya kawaida, hatujagusa mzunguko wa Bovingdon wala kupinda njia.

#20 Mzee wa Mbisho
Mnaodharau upepo, kumbukeni usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020. Dhoruba Ciara ilikuwa inavuka Atlantiki. Boeing 747 ya British Airways ilitoka JFK ikatua Heathrow kwa masaa 4 na dakika 56, ikiwahi kwa zaidi ya saa moja. Kasi yake juu ya ardhi ilifika karibu kilomita 1,327 kwa saa. Hakuna ratiba iliyojazwa inayoweza kukupa hilo.

#21 Kozi Ndefu
1,327? Hiyo imevunja mwendo wa sauti! Mbona 747 haikupasuka?

#22 Mzee wa Mbisho
Haikuvunja chochote. Kinachohusika na sauti ni kasi ya ndege ndani ya hewa. Kule juu, kwenye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, sauti inakwenda kama kilomita 1,060 kwa saa, na ndege ilikuwa chini ya hapo muda wote. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa inakimbia kuelekea mashariki, na kasi ya hewa ikajumlishwa kwenye kasi ya ardhini.

#23 Mdomo Mrefu
Mkitaka ya kuvunja sauti kweli, semeni Concorde. JFK hadi Heathrow masaa 2, dakika 52 na sekunde 59, mwaka 1999. Rekodi hiyo haijavunjwa na ndege ya abiria hadi leo, na kwa maoni yangu kuiacha Concorde istaafu mwaka 2003 bila mrithi ni hasara kwa kila anayependa ndege.

#24 Nusu Kozi
Ni tarehe 7 Februari 1996. Muda umeupatia.

Februari tena, kama ile ya Ciara. Upepo wa baridi.

#25 Mdomo Mrefu
Februari au Agosti, Concorde ilikuwa inapanda hadi kilomita 18, juu ya ile mikondo. Ndiyo maana njia zake juu ya Atlantiki hazikubadilishwa kila siku kama za ndege nyingine. Na utamu mwingine: ukitoka London asubuhi ulifika New York saa ya kule ikiwa bado haijafika ile uliyoondokea London. Safari masaa matatu na nusu hivi, tofauti ya saa za miji ni tano.

#26 Mgeni Mpya
Jamani sijasoma uzi wote. Ndege yangu inatoka JFK saa 2 usiku na inafika Heathrow saa 2 asubuhi. Si masaa 12 hayo? Mbona mnasema 7?

#27 Mtoto wa Hesabu
Saa zilizoandikwa ni za kila mji kwa wakati wake. London iko mbele ya New York kwa masaa 5. Toa 5 kwenye 12 yako.

Ila ukisafiri Machi angalia vizuri. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni masaa 4, na mtu anayekokotoa kwa mazoea atapata safari fupi kwa saa nzima.

#28 Mtafuta Njia
Dawati, umetaja kupinda njia. Kwa nini wasiifuate tu ile duara kuu ya Bi Ramani kama ndiyo fupi?

#29 Dawati la Safari
Kwa sababu fupi kwa kilomita si lazima iwe fupi kwa dakika, na si lazima iwe fupi kwa mafuta.

Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna njia zinazopangwa upya kila siku kufuatana na upepo. Vituo vya Gander upande wa Kanada na Shanwick upande wa Uingereza na Ayalandi ndivyo vinavyozisimamia. Za kwenda mashariki hutafuta mkondo uingie mgongoni, za kwenda magharibi huukwepa, wakati mwingine kwa kupanda kaskazini sana karibu na Greenland. Kuongeza kilomita mia mbili ili ukwepe upepo mkali ni biashara nzuri. Umbali wa kwenye tovuti ni wa karatasini. Nikikaa kazini sijawahi kuona siku ambayo njia bora ilikuwa duara kuu yenyewe kwa unyoofu wake.

#30 Bi Ramani
Niongeze kwa wanaodhani duara kuu ni mstari mnyoofu kwenye ramani ya ukutani. Madrid na New York ziko karibu latitudo moja, kama 40 kaskazini. Ukifuata latitudo hiyo moja kwa moja magharibi utakuwa umesafiri takriban kilomita 170 zaidi ya aliyepita duara kuu, ambalo linapanda hadi latitudo 46 hivi kisha linashuka. Kwenye ramani bapa aliyepita duara kuu ndiye anayeonekana amepotea.

#31 Kozi Ndefu
Tusiishie Atlantiki ya Kaskazini. Sydney na Johannesburg, kama kilomita 11,000: kwenda Johannesburg ni karibu masaa 14, kurudi Sydney karibu 12. Kusini mwa dunia upepo wa latitudo za kati pia unavuma kwenda mashariki. Nairobi hadi New York, iliyoanza moja kwa moja Oktoba 2018, ilipangwa masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Singapore hadi JFK, kilomita 15,349, zaidi ya masaa 18, na mara nyingi hupita Pasifiki ikaongeza mamia ya kilomita ili upepo uwe nyuma.

#32 Mdomo Mrefu
Na anayechoka na masaa 18 aende Orkney, Uskoti. Westray hadi Papa Westray ni kilomita 2.7, ratiba dakika 2, na rekodi sekunde 53. Abiria Sugu atuambie hapo akiba ya ratiba imefichwa wapi.

#33 Abiria Sugu
Dakika 2 dhidi ya sekunde 53? Wamejaza zaidi ya nusu! Umenipa ushahidi bora kuliko wote humu.

#34 Nusu Kozi
Kuna sababu ambayo hamjaigusa: mipaka ya anga. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya masaa 9 na nusu hivi kwa kupita Urusi. Februari 2022 Urusi ilifunga anga yake kwa kampuni za Ulaya, nazo za Urusi zikafungiwa Ulaya. Tangu hapo Finnair, kampuni ya ndege ya Finland, inazunguka, ama kwa kupita karibu na Ncha ya Kaskazini ama kwa kusini, na safari ni karibu masaa 13. Viwanja havikuhama hata hatua moja. Mkiulizwa umbali kati ya Helsinki na Tokyo mtajibu ule wa zamani, lakini abiria anakaa masaa matatu na nusu zaidi kwenye kiti. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko upepo, kwa sababu upepo wa kwenda hurudishwa na wa kurudi.

#35 Mtoto wa Hesabu
Hapana Nusu Kozi, haurudishwi wote. Chukua kilomita 6,000 na kasi 900. Bila upepo, kwenda na kurudi ni masaa 13 na dakika 20. Upepo wa 100: kurudi masaa 6, kwenda masaa 7 na nusu, jumla 13:30. Umepoteza dakika 10. Upepo wa 200: 5:27 na 8:34, jumla karibu 14:02. Sasa umepoteza dakika 42. Sababu yake ni kwamba kwenye upepo wa mbisho unakaa muda mrefu zaidi kuliko unavyokaa kwenye upepo wa nyuma. Hasara inapata muda mwingi wa kukula kuliko faida ya kukusaidia.

#36 Nusu Kozi
Dakika 42 dhidi ya masaa matatu na nusu kila upande. Bado mipaka.

#37 Dawati la Safari
Kuna kanuni za usalama pia. Zamani ndege ya injini mbili ilitakiwa isiwe mbali na uwanja wa dharura zaidi ya dakika 60 kwa mwendo wa injini moja, kwa hiyo juu ya bahari ilipinda pinda ikifuata visiwa. Mwaka 1985 zikaruhusiwa dakika 120, na leo Airbus A350 inaweza kupewa hadi 370. Kila ruhusa iliyoongezwa ilinyoosha njia nyingi bila mtu kuongeza kasi.

Na kasi yenyewe rubani haiamui peke yake. Kabla ya kuondoka, kampuni inapima gharama ya muda dhidi ya gharama ya mafuta na kuiweka kwenye kompyuta ya ndege. Mafuta yakiwa ghali, ndege inatembea taratibu kidogo. Ikichelewa na kuna abiria wengi wa kuunganisha, inakazwa. Upepo wa mbisho ukiwa mkali kunalipa kukimbia kidogo zaidi ili utoke humo mapema, na upepo wa nyuma ukiwa mzuri kunalipa kupunguza. Kwa hiyo hata ile 900 ya Mtoto wa Hesabu haitulii: magharibi inaweza kuwa juu kidogo, mashariki chini kidogo.

#38 Mtoto wa Hesabu
Basi ile 72 yangu ni ndogo. Kama ndege inakazwa kuelekea magharibi na kulegezwa kuelekea mashariki, upepo unaohitajika kutoa tofauti ya saa nzima ni mkubwa zaidi.

#39 Kipanga
Au kuna kitu kingine kinachozuia ndege kwenda magharibi. Nimeshakitaja.

#40 Bi Ramani
Kipanga, Nusu Kozi alikupa kipimo cha ikweta kwenye #7 na hujakijibu.

#41 Kipanga
Kwenye #8 Mzee amesema bila mzunguko hakuna mkondo. Jibu langu liko hapo.

#42 Mzee wa Mbisho
Nilisema na tofauti ya joto. Soma sentensi inayofuata, ndugu yangu.

Nayo tofauti ya joto ndiyo inayoniweka macho siku hizi. Mwaka 2016 Paul Williams wa Chuo Kikuu cha Reading alichapisha hesabu za njia hiihii ya mtoa mada, akiangalia kama hewa ya ukaa angani ikiongezeka maradufu. Mkondo wa majira ya baridi unaongezeka nguvu. Za kwenda London zinafupika, za kwenda New York zinarefuka, na jumla ya kwenda na kurudi inarefuka, kwa sababu ileile aliyoionyesha Mtoto wa Hesabu kwenye #35. Muda zaidi angani ni mafuta zaidi, na mafuta zaidi yanarudi kuongeza hewa hiyohiyo.

#43 Abiria Sugu
Na kampuni zitapata sababu mpya ya kuongeza dakika kwenye ratiba.

#44 Dawati la Safari
Zitaongeza, na safari hiyo zitakuwa na haki. Ratiba za baridi za kwenda magharibi tayari huwekwa ndefu kuliko za kiangazi kwenye njia nyingi. Mtafuta Njia, unasafiri mwezi gani?

#45 Mtafuta Njia
Januari. Nikifika New York naunganisha, na nafasi kati ya ndege mbili ni saa moja na nusu. Niache hivyo?

#46 Dawati la Safari
Usiache. Kwa JFK kuna foleni ya uhamiaji, kuchukua mzigo na kuukabidhi tena, na Januari una mbisho mkali na theluji juu yake. Chukua masaa matatu au zaidi, na ukiweza nunua zote mbili kwenye tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa wao ndio wakutafutie kiti kingine.

#47 Abiria Sugu
Hapo nakubaliana na Dawati kwa mara ya kwanza. Manne.